Nafasi iliyobaki jaani: mizani, GPS ya soroveya, droni au setilaiti?

Kila anayesimamia jaa la taka huulizwa swali moja: limebakisha miaka mingapi? Hakuna chombo kinachopima miaka. Chombo hupima mita za ujazo au tani, na miaka hutafutwa baadaye kwa kalamu. Ndiyo maana wataalamu wawili waaminifu wanaweza kulipima jaa lile lile wiki ile ile wakaleta majibu yanayopishana kwa miezi.

Mombasa swali hili si la darasani. Jaa la Kibarani lilipofungwa, mzigo mkubwa ulielekezwa Mwakirunge, kule Kisauni, na upande wa pili wa kivuko Likoni ina jaa lake la Shonda. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imezitwika kaunti jukumu la kupanga zinavyokusanya, zinavyochambua na zinavyotupa taka zao. Huwezi kupanga utupaji kama hujui umebakiwa na nafasi kiasi gani.

Ili njia zilinganishwe kwa haki, tutumie jaa moja la mfano: kitako cha mraba wa mita 200 kwa 200, yaani hekta 4, kwenye ardhi tambarare, na ruhusa ya kupanda hadi mita 15. Linapokea wastani wa tani 150 kwa siku. Kila kosa la kipimo tutaligeuza kuwa siku za uhai wa jaa. Kusema chombo kinakosea kwa sentimita tano hakumsaidii anayesaini bajeti.

Kwanza, jaa linaishia wapi juu?

Nafasi iliyobaki ni ujazo ulio kati ya nyuso mbili: uso wa leo, pale taka zilipofika, na uso wa mwisho, pale zitakapokoma na kufunikwa. Sakafu ya chini kabisa haimo katika hesabu hii. Wengine hugharimia kuchimba mashimo ili wajue taka zimeshuka mita ngapi. Hilo lina faida ukitaka kujua kiasi kilichokwisha kutupwa au maji machafu yanaelekea wapi, lakini kwa nafasi iliyobaki halikuambii kitu.

Shida ni kwamba majaa mengi ya wazi hayana uso wa mwisho uliochorwa. Hapo ndipo namba kubwa hujificha. Jaa letu la mfano likijengwa kwa mteremko wa 1:3, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 3 za kwenda mbele, kileleni unabaki na mraba wa mita 110 na ujazo wote ni mita za ujazo 370,500. Ukilegeza mteremko uwe 1:4, kilele kinapungua hadi mita 80 na ujazo ni 312,000. Eneo ni lile lile na kimo ni kile kile, ila mita za ujazo 58,500 zimeyeyuka. Kibaba cha mfuto na kibaba cha kufurika havitoi hesabu moja, hata kama kibaba ni hicho hicho.

Tuseme uso wa leo unaonyesha tayari zimeingia mita za ujazo 180,000. Kwa mteremko wa 1:3 zinabaki 190,500. Toa tabaka la mwisho la udongo wa kufunika, mita 1 juu ya hekta 4, takriban 40,000. Nafasi ya kazi ni mita za ujazo 150,500. Kama jaa linameza mita za ujazo 261 kwa siku (hesabu yake inakuja), hizo ni siku 577, miezi kumi na tisa hivi. Kubadilisha mteremko peke yake kungekata siku 224. Hakuna droni wala GPS inayokosea kiasi hicho ikitumiwa vizuri. Kwa hiyo kabla ya kutangaza zabuni ya upimaji, mtake mhandisi achore uso wa mwisho na autie saini: mipaka, mteremko, kimo cha juu, unene wa udongo. Bila mchoro huo, njia zote zilizo hapa chini hukupa takwimu zisizo na nanga.

Mizani na daftari la getini

Hii ndiyo njia ya kila siku, na ndiyo pekee inayokuambia kinachoingia leo. Lori linapimwa likiwa limejaa, linapimwa likitoka tupu, tofauti inaandikwa. Kosa la kwanza ni uzito mtupu wa kudumu: lori linapimwa tupu mara moja Januari, kisha namba ile ile inatumika mwaka mzima. Matope, spea iliyoongezwa, maji yaliyosimama kwenye bodi, vyote huhesabiwa taka. Pima upya uzito mtupu angalau kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki.

Kosa la pili ni la mvua yenyewe. Taka za Mei ni nzito kuliko za Februari kwa sababu zimelowa, si kwa sababu ni nyingi. Daftari litaonyesha tani zimeruka ilhali nafasi iliyotumika karibu ni ile ile. Kinyume chake ni maganda ya madafu: mepesi, makubwa, na hayashindiliki kirahisi. Lori la madafu kutoka ufuoni hula nafasi kuliko lori la mabaki ya soko, ingawa mizani inasema kinyume.

Pasipo mizani, makarani huhesabu malori kwa ujazo wa bodi. Tipa yenye bodi ya mita 4.5 kwa 2.3 kwa 1.5 hubeba mita za ujazo 15.5 ikijaa mfuto. Wengi huandika kwamba jaa limepoteza mita 15.5. Sivyo. Taka zilizolegea kwenye tipa huwa na takriban kilo 300 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo tipa hiyo imebeba tani 4.65. Tingatinga likishazikanyaga hadi kilo 600 kwa mita ya ujazo, zinakaa kwenye mita 7.75, nusu ya zilizoandikwa. Lori la kushindilia hufika na taka zilizokwisha kubanwa, kwa hiyo halifai kuingizwa katika kundi moja na tipa. Weka safu tofauti kwa tipa, lori la kushindilia, kanta na tuktuk. Mara mbili kwa mwaka, kipindi cha kiangazi na cha masika, peleka malori 30 hivi ya kila kundi kubwa kwenye mizani ya kukodi, ukapate wastani.

Kasoro isiyotibika ya daftari ni kwamba makosa yake hujumlishana. Ukipunguza hesabu ya mzigo kwa asilimia 15, kwa nusu mwaka umepotea siku 28 za uhai. Baada ya miaka miwili umepotea siku 110, na hakuna kitu ndani ya daftari kitakachokustua. Daftari pia halioni moto. Taka zikiungua au zikioza, mlima hushuka na nafasi hurudi, lakini karatasi inabaki palepale.

GPS ya soroveya

Soroveya na msaidizi wake hutembea juu ya jaa na fimbo ya GPS inayosahihishwa papo hapo kutoka kituo kilichosimikwa pembeni. Kila nukta huwa sahihi ndani ya sentimita 2 hadi 4. Kwa hekta 4, gridi ya mita 20 ni nukta 100. Gridi ya mita 10 ni nukta 400, pamoja na nukta za ziada kwenye kingo, mitaro na vitako vya miteremko. Hizo za kingo ndizo muhimu zaidi, na ndizo za kwanza kurukwa jua likichoma.

Udhaifu hauko kwenye nukta, uko katikati ya nukta. Vichuguu vya taka zilizomwagwa jana vinaweza kuwa na kimo cha mita 1.5, na gridi ya mita 20 huvipita pembeni au huvipanda vyote. Wastani ukipotoka kwa sentimita 10 hadi 20, ni siku 15 hadi 31. Halafu kuna usalama: sindano, vioo, taka laini zinazozamisha mguu, moshi. Hakuna soroveya anayepaswa kupanda bila buti zenye soli ya chuma, glavu na barakoa, wala kupanda peke yake.

Njia hii hata hivyo haifi, kwa sababu droni nayo inaitegemea. Bikoni za kudumu, yaani nguzo za alama zenye mahali na kimo kinachojulikana, lazima zipimwe kwa GPS hii, na hapa kuna mtego unaonasa hata wazoefu: bikoni iliyosimikwa juu ya taka hushuka pamoja na taka. Ukirudi baada ya miezi sita, bikoni imezama sentimita 30, wewe unaichukulia haijasogea, na jaa zima linaonekana limepanda sentimita 30. Kwenye hekta 4 hizo ni mita za ujazo 12,000. Simika bikoni tatu za zege nje ya taka, kwenye ardhi ngumu, mbali na njia ya malori, kisha kila safari pima umbali na tofauti ya kimo baina yake kabla ya kazi nyingine yoyote.

Mtego wa pili ni kimo chenyewe. GPS huanza kuhesabu kimo kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, na pwani yetu umbo hilo liko zaidi ya mita 20 juu ya usawa wa bahari. Chombo kinaweza kukuonyesha kimo hasi ilhali umesimama pakavu. Hilo halina ubaya ikiwa vipimo vyote vimebaki katika mfumo mmoja. Ubaya unakuja mchoro wa uso wa mwisho ukiwa kwa usawa wa bahari na uso wa leo ukiwa kwa kimo cha GPS. Ramani za zamani nazo zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ambao umepishana na WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kwa takriban mita 300 kaskazini-kusini. Andika kwenye mkataba: WGS84, UTM (gridi ya ramani ya mita) kanda 37 Kusini, na kimo kutoka bikoni gani.

Droni

Kwa uso wa leo hii ndiyo njia tunayoipendekeza, ila si kwa sababu ni ya kisasa. Inapima kila kichuguu bila mtu kukikanyaga, na inaacha picha ambayo mkaguzi anaweza kuifungua baadaye akajionea mwenyewe.

Kwa kamera ya inchi 1 yenye megapikseli 20, ukiruka mita 80 juu ya uso wa jaa kila pikseli huwa na sentimita 2.2. Picha zipishane asilimia 80 mbele na asilimia 70 ubavuni. Kwa hekta 4 na ukanda wa mita 50 kuzunguka, ni picha 150 hadi 200, kazi ya betri moja. Zingatia maneno "juu ya uso wa jaa": ukiweka mita 80 kutoka mahali uliporukia, na jaa limepanda mita 15, kileleni uko mita 65 tu na mpishano wa picha umepungua pale unapouhitaji.

Weka alama za ardhini zisizopungua 6, mraba wa sentimita 60 wenye rangi nyeusi na nyeupe: nne pembeni, moja katikati ya mteremko, moja kileleni. Ongeza 3 za ukaguzi ambazo hutazipa programu ya kuunganisha picha. Hizo ndizo zitakazokuambia ukweli. Picha zikipigwa zote wima, programu huelekea kuvimbisha katikati ya jaa au kulibonyeza kama bakuli, hata sentimita 20, huku alama za pembeni zikisoma vizuri kabisa. Dawa ni alama ya kileleni na mizunguko miwili ya picha zilizoinamishwa nyuzi 20 hadi 30 kutoka wima. Mkandarasi akikuambia droni yake ina RTK, yaani GPS inayosahihishwa papo hapo, hivyo haihitaji alama, mruhusu apunguze za kurekebishia, lakini za ukaguzi zibaki.

Kazi ikifanywa hivi, kupotoka kwa wastani huwa karibu sentimita 5: mita za ujazo 2,000, siku 8 za uhai.

Vinavyoharibu kazi hapa kwetu vinajulikana. Upepo wa kusi hukaza kati ya Juni na Agosti, na alasiri upepo wa bahari huongezea. Ruka saa mbili hadi saa nne asubuhi. Moshi huacha mashimo kwenye uso, kwa hiyo moto ukiwaka ahirisha, usitegemee programu iubuni uso uliojificha. Madimbwi ya maji meusi hutoa vimo vya ovyo. Pima kingo zake kwa GPS na uyasawazishe kwa mkono. Kunguru na mwewe huifuata droni, basi mtu mmoja awe anatazama juu muda wote. Magugu na mibarika kwenye sehemu ya zamani ya jaa hupimwa kana kwamba ni taka. Na vibali vya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, vichukuliwe mapema, rubani na chombo vyote viwe vimesajiliwa. Karibu na njia za ndege za Uwanja wa Moi hakuna kuruka bila idhini.

Ukiwa na magugu mengi kweli, droni yenye laida, kipimo cha leza, hupenyeza miale hadi chini na huondoa tatizo hilo. Kwa jaa linalofanya kazi kila siku, lenye uso mtupu, ni kulipia zaidi kwa jibu lile lile.

Setilaiti

Data ya bure ya vimo, SRTM ya Februari 2000 au Copernicus ya mita 30, ina pikseli 44 tu kwenye hekta zetu 4. Wastani ukipotoka mita 2, ambalo si jambo la ajabu, umekosea mita za ujazo 80,000: siku 306. Haifai kwa nafasi iliyobaki. Inafaa kwa kitu kingine: kama jaa lilianza baada ya 2000, SRTM inaweza kukupa picha ya mbali ya ardhi ilivyokuwa kabla ya taka. Picha za Sentinel-2, za mita 10, ni nzuri kwa kufuatilia jaa linavyotambaa nje ya mipaka mwezi hadi mwezi.

| Njia | Inapima nini | Kosa kwa jaa la mfano | Kinachoiangusha |
|---|---|---|---|
| Mizani na daftari | Tani zinazoingia | Siku 28 kila nusu mwaka, zinajumlishana | Mvua, uzito mtupu, safari zisizoandikwa |
| GPS ya soroveya | Uso wa leo | Siku 15–31 | Gridi pana, bikoni zinazozama |
| Droni na alama | Uso wa leo | Siku 8 | Moshi, magugu, upepo, alama chache |
| Setilaiti ya bure | Umbo la jumla | Siku 300 hivi | Pikseli kubwa |

Kuunganisha mbili, na kosa la kuhesabu udongo mara mbili

Droni hupima ujazo, daftari hupima tani. Ukizikutanisha ndipo unapata namba yenye thamani. Pima Machi kabla ya masika, pima tena Septemba. Tuseme katika siku 184 uso umepanda mita za ujazo 48,000, na getini zimeingia tani 27,600. Gawanya: tani 0.575 kwa kila mita ya ujazo iliyotumika, na mita za ujazo 261 kwa siku. Nafasi ya 150,500 itapokea tani 86,500 hivi, siku 577.

Namba hii ya 0.575 si uzito wa taka pekee. Ndani yake mna udongo wa kufunika, mashimo, kushuka kwa mlima na hata kilichoungua. Kwa hiyo ukishaitumia, usitoe tena asilimia 20 kwa ajili ya udongo wa kila siku, tayari imetolewa. Ripoti nyingi hutoa mara mbili na kulizika jaa kabla ya siku zake. Udongo wa kufunga mwisho ndio unaotolewa peke yake, maana haumo katika vipimo vya Machi na Septemba.

Msomaji makini atauliza: kama mita 261 kwa siku zimetoka kwenye droni peke yake, tani za nini? Ni kweli, mzigo usipobadilika vipimo viwili vya droni vinatosha. Mzigo ukibadilika ndipo daftari linapokuokoa. Jaa jirani likifungwa, kama ilivyotokea Kibarani, au kiwanda cha kuchambua taka kikifunguliwa, unabadilisha tani za siku na kupata siku mpya asubuhi hiyo hiyo, bila kusubiri miezi sita.

Kipimo cha kujiangalia: sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 Kaunti ya Mombasa. Ukikadiria nusu kilo kwa mtu kwa siku, zinazalishwa tani 600 hivi. Daftari za majaa yote zikijumlishwa zikaonyesha 700, huenda kuna lori linaandikwa mara mbili. Zikionyesha 200, ama ukusanyaji ni hafifu ama geti linalala usiku.

Uchague ipi?

Kwa kaunti yenye bajeti ya kawaida: daftari kila siku, droni mara mbili kwa mwaka, bikoni tatu za zege zinazodumu miaka. Programu ya kuunganisha picha na ya kutoa uso mmoja kwa mwingine zinapatikana bure, OpenDroneMap na QGIS. Tumia seli za nusu mita na mpaka ule ule wa mchoro kila mara. Pesa zikitosha kitu kimoja tu mwaka huu, anza na bikoni na mchoro wa uso wa mwisho, halafu GPS kwa gridi ya mita 10. Jaa lililokwisha kufungwa linahitaji droni mara moja kwa mwaka kufuatilia kushuka, na daftari halina kazi hapo.

Hesabu ya kanda nzima ina sharti lake. Texas, ambako majaa huripoti nafasi yake kila mwaka na takwimu hupangwa kwa kanda, namba hutolewa kwa yadi za ujazo. Yadi moja ni mita za ujazo 0.765, kwa hiyo usizichanganye na zetu bila kubadilisha. Cha muhimu zaidi, usifanye wastani wa miaka. Jaa moja likibakiwa na tani 20,000 na kupokea 10,000 kwa mwaka, lina miaka 2; la pili lenye tani 300,000 na kupokea 15,000 lina miaka 20. Wastani wa 11 hauna maana. Jumla ya tani kwa jumla ya mzigo ni miaka 12.8, na hata hiyo ni kweli tu ikiwa taka za la kwanza zinaweza kupelekwa la pili. Taka za Likoni zikielekezwa Mwakirunge, lori lipande feri au lizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, na kila saa ya njiani ni mafuta na safari zinazopungua. Ripoti ya Mombasa basi iwe na mistari miwili, wa kaskazini na wa kusini ya kivuko, na kila mmoja ubebe tarehe ya kipimo, mteremko uliotumika na bikoni iliyopimiwa.